Majibu kwa Wanaosema "Ni Cheti cha Majaribio Tu"

Kauli yenyewe ni fupi na husemwa kwa wepesi: ni cha majaribio tu. Utaisikia Kericho mjini, utaisikia Kipkelion, na ukiifuata reli ya zamani kuteremka hadi Fort Ternan, pale chai ya milimani inapoiachia nafasi kahawa, na kahawa ikaiachia miwa ya Koru na Muhoroni, utaisikia pia. Huko nako kuna vijana wanaoziandikia sosaiti, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, programu za kupimia mazao na kulipia wakulima. Ujuzi wanao, tena si haba. Lakini kuhusu vyeti vya usimbaji wamerithishana madai ambayo baadhi ni nusu kweli na mengine ni ya kuwatoa jasho siku mfumo utakapoanza kazi. Nitayajibu moja baada ya jingine, ila si kwa urefu sawa, maana hayalingani uzito.

Tusizungumzie hewani. Tuchukue sosaiti ya kahawa ya kukisia. Mizani ya kidijitali pale kiwandani inasoma kilo za kila mkulima, kishikwambi cha karani kinazipokea na kuzituma kwa Wi-Fi hadi seva ndogo ofisini, na mwisho wa mwezi seva inalipa kwa M-Pesa. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, fundi anahitaji cheti cha kujaribia ili kilo na namba za simu za watu zisipite wazi hewani. Anafungua dirisha la amri na kuandika:

openssl req -x509 -newkey rsa:2048 -noenc -keyout ufunguo.pem -out cheti.pem -days 30 -subj "/CN=seva.sosaiti.test" -addext "subjectAltName=DNS:seva.sosaiti.test"

Kufumba na kufumbua ana mafaili mawili. Moja ni ufunguo wa siri. La pili ni cheti, yaani ufunguo wa umma uliofungwa pamoja na jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na sahihi. Kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyehusika, sahihi hiyo imetiwa kwa ufunguo wa siri wa cheti chenyewe. (Mwenye OpenSSL ya kabla ya toleo la 3.0 ataandika -nodes badala ya -noenc.) Madai yote yanaanzia kwenye mafaili haya mawili.

"Cheti cha kujitengenezea hakisimbi kama cha kununua"

Si kweli, na anayefaidika na dai hili ni muuza vyeti. Katika TLS 1.3, itifaki iliyochapishwa Agosti 2018 na ambayo vivinjari vya leo hutumia, cheti hakisimbi data hata kidogo. Pande mbili hukokotoa ufunguo wa muda kwa njia ya Diffie-Hellman, na ni ufunguo huo wa muda unaosimba kila kilo na kila jina. Kazi ya cheti ni kutia sahihi kwenye mazungumzo hayo ili kishikwambi kijue kinazungumza na seva ya sosaiti, si na mtu aliyejipachika katikati. Hesabu ya usimbaji ni ileile, cheti kiwe cha bure, cha maelfu ya shilingi au cha kutengenezwa jikoni.

Kinachokosekana ni mdhamini. Mizani isiyo na muhuri wa maofisa wa vipimo inaweza kupima barabara kuliko iliyopigwa muhuri, lakini mkulima aliyesimama mbele yake na gunia hana njia ya kujua. Cheti kilichojitia sahihi kiko hivyo hivyo: hakuna wa nje aliyekikagua, basi kivinjari kinakataa kukiamini mpaka mwenye kompyuta aseme mwenyewe kwamba anakijua.

Na huyo mdhamini si lazima alipwe. Tangu Desemba 2015 shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti bure kwa yeyote mwenye jina la kikoa analoweza kuthibitisha kuwa ni lake. Tena lina mazingira yake ya majaribio, yenye mizizi (vyeti vya juu vinavyotia sahihi vingine) isiyoaminiwa na kivinjari chochote, ili mafundi wafanye mazoezi huko bila kumaliza mgao wao kwenye mazingira ya kweli. Kwa hiyo anayeshikilia kwamba usalama ni wa wenye fedha huko Nairobi amepitwa na miaka mingi.

"Maadamu usimbaji upo, ukaguzi unaweza kuzimwa"

Hapa ndipo kwenye hatari. Dai hili hukamata shina la kweli la jibu lililotangulia kisha likalipinda. Usimbaji ni uleule, sawa; basi kishikwambi kinapolalamika kwamba hakikijui cheti, kijana anaongeza -k kwenye curl, au verify=False kwenye Python, au kwenye Android anaandika darasa dogo linalopokea cheti chochote kinachokuja. Malalamiko yananyamaza, kilo zinafika, na kazi inaonekana imekwisha.

Fikiria sasa mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Anaandika amri ileile niliyoionyesha juu, kwa jina lilelile la seva, na anapata cheti chake mwenyewe. Anajiweka kati ya kishikwambi na seva, jambo ambalo kwenye mtandao mdogo wa ofisi halihitaji vifaa vya ajabu. Kishikwambi kinampokea kwa sababu kimeambiwa kimpokee yeyote. Usimbaji umefanyika kikamilifu, ila umefanyika na mwizi. Anasoma, anabadilisha kilo, anasimba upya na kuipelekea seva.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani, Sascha Fahl na wenzake, walichunguza programu 13,500 za bure za Android na kukuta 1,074, karibu asilimia 8, zikiwa na msimbo wa kuzifanya zidanganywe kwa njia hiyo. Walipowahoji watengenezaji katika utafiti uliofuata, maelezo mojawapo waliyopewa yalikuwa haya haya ya kwetu: wakati wa kutengeneza walitumia cheti cha kujitengenezea, wakazima ukaguzi ili kazi iende, na programu ikaingia dukani ukaguzi ukiwa bado umezimwa.

Mwaka 2015 uchunguzi ukafika kwenye fedha za simu. Bradley Reaves na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walipitia programu 46 za Android za kutuma na kupokea fedha katika nchi zinazoendelea, kisha wakazifungua 7 kwa mkono, hatua kwa hatua. Katika hizo 7 waliorodhesha kasoro kubwa 28, na ukaguzi mbovu wa vyeti ulikuwa miongoni mwa zilizojirudia. Hizo zilikuwa programu za kampuni zenye wahandisi na bajeti. Sosaiti yenye fundi mmoja wa kandarasi haina sababu ya kujiona salama zaidi.

Dawa haina ugumu wowote, na ndiyo maana uzembe huu unakera. Badala ya kuiambia programu isikague, iambie imwamini nani. Curl inapokea --cacert cheti.pem; Python inapokea verify="cheti.pem". Maneno ni machache vilevile, ila sasa cheti cha mwizi kinakataliwa. Kwenye Android kuna njia nzuri zaidi. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 programu haziamini tena vyeti vilivyoongezwa na mwenye simu, lakini faili la usanidi wa mtandao lina sehemu iitwayo debug-overrides: mzizi unaouweka hapo unaaminiwa tu programu ikiwa katika hali ya majaribio. Toleo la kupelekwa dukani linausahau lenyewe, bila kumtegemea fundi akumbuke kitu usiku wa kuamkia uzinduzi.

Na kuna hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Ukishakuwa na amri inayotoa cheti ndani ya sekunde, toa na vibovu. Toa chenye jina la seva nyingine. Toa cha siku moja, ukakijaribu kesho kikiwa kimekwisha. Toa kilichotiwa sahihi na mzizi ambao kishikwambi hakiujui. Kila kimoja kikataliwe. Kikipita hata kimoja, kasoro umeipata ofisini, mahali pa bei nafuu kuliko pote. Asiyetaka kujisumbua kuvitengeneza anaweza kuielekeza programu yake kwenye badssl.com, tovuti yenye kurasa za makusudi zenye vyeti vilivyokwisha muda, vyenye jina lisilo lao na vyenye mzizi usiojulikana. Nasisitiza kwa sababu nadhani hapa ndipo hoja nzima ilipo: cheti cha majaribio kipo ili ukaguzi ujaribiwe. Fundi aliyeona kilo zinafika na hajaona cheti chochote kikikataliwa, alichojaribu ni waya.

"Jina halina kazi, andika lolote"

Mafunzo mengi yanayozunguka ni ya zamani. Yanamwambia msomaji aandike jina la seva kwenye CN na basi. Viwango vya mwaka 2000 tayari vilielekeza jina liwekwe kwenye sehemu iitwayo subjectAltName, na kuanzia toleo la 58 la Aprili 2017 Chrome iliacha kabisa kuisoma CN. Ndiyo maana kijana anafuata maelekezo neno kwa neno, anaweka cheti kwenye orodha ya vinavyoaminiwa, na bado anaona ukurasa wa onyo. Hapo ndipo anapoamua kuzima ukaguzi. Zamani kuiongeza sehemu hiyo kulihitaji faili zima la usanidi. Tangu OpenSSL 1.1.1 ya mwaka 2018 kuna -addext, na mambo yameisha kwenye mstari mmoja. Kama kishikwambi kinaiita seva kwa anwani ya namba badala ya jina, iandikwe IP:192.168.1.10, si DNS:192.168.1.10.

Jina lenyewe nalo lichaguliwe kwa akili. Mwisho wa .test ulitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio na hautauzwa kwa mtu. Waliopenda kutumia .dev kwa kuwa unapendeza walipata somo mwaka 2017: mwisho huo ulikuwa mali ya Google, na Chrome ilipoanza kulazimisha HTTPS kwa kila jina lenye .dev, seva za majaribio za watu wasio na hesabu ziliacha kufunguka asubuhi moja.

"Weka miaka kumi usisumbuke"

Fort Ternan ni mahali pa kuzungumzia muda mrefu. Hapa ndipo Louis Leakey alipopata mwaka 1961, kwenye shamba la Fred Wicker, mabaki ya nyani wa kale, Kenyapithecus wickeri, yenye umri wa miaka kama milioni 14. Lakini kwa cheti, siku 30 ambazo OpenSSL hukupa usipotaja -days zinatosha sana.

Sababu ya kwanza ni kwamba miaka kumi haikubaliki kila mahali. Vifaa vya Apple hukataa cheti cha seva kinachozidi siku 825 hata kama mzizi wake umeuweka wewe mwenyewe. Ya pili ni kwamba dunia inakwenda upande wa pili. Vyeti vya hadharani viliwekewa kikomo cha siku 398 mwaka 2020, na kura ya Aprili 2025 ya wenye vivinjari na mamlaka za vyeti iliweka ratiba ya kushuka: siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Mfumo uliojaribiwa kwa cheti cha miaka kumi haujawahi kujaribiwa kubadilisha cheti, na kubadilisha ndiko kutakuwa kazi ya kawaida. Fundi wa kandarasi akiondoka, sosaiti ibaki na amri ya kubadilishia iliyokwisha kuendeshwa mara kadhaa, si karatasi yenye tarehe ya mbali.

Lakini tatizo la tarehe linalouma zaidi huku kwetu liko kwenye saa. Tuseme badala ya kishikwambi mizani inasomwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi; zile za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri. Stima ikipotea kwa mvua ya mchana, ikarudi kabla intaneti haijarudi, kifaa kinaweza kuamka kikiamini ni siku za nyuma. Cheti kilichotolewa jana kinaonekana hakijaanza kufanya kazi, na ujumbe wa kosa unasema cheti ni kibovu. Karani anapiga simu, fundi yuko Kisumu, na kwa simu anamwelekeza jinsi ya kuzima ukaguzi "kwa leo tu". Moduli ya saa yenye betri ya kidonge ni ya shilingi mia chache, na ingemaliza habari hiyo.

Kuna na simu kuukuu. Tarehe 30 Septemba 2021 mzizi uliokuwa ukizibeba sahihi za Let's Encrypt ulimaliza muda wake, na simu za Android za kabla ya 7.1.1 hazikuwa na ule mpya. Let's Encrypt ilipata njia ya kuzibeba simu hizo hadi Septemba 2024, kwa kutumia ukweli kwamba Android haikagui tarehe ya mzizi ulio tayari ndani yake. Baada ya hapo zikaachwa. Anayeandikia wakulima programu lazima ajaribu cheti chake kwenye simu ambazo wakulima wanazo, si kwenye ile aliyonunua yeye mwaka huu.

"Ufunguo mrefu zaidi ndio usalama"

RSA ya biti 2048 inatosha kwa majaribio na kwa kazi. Ya 4096 inachelewesha vifaa vidogo bila faida ambayo sosaiti itaiona. Anayetaka wepesi na achague ufunguo wa mkunjo wa P-256. Urefu haujawahi kuwaokoa watu pale namba za nasibu zilipokuwa mbovu: kati ya 2006 na Mei 2008 OpenSSL iliyosambazwa na Debian ilikuwa na rekebisho lililoua karibu nasibu yote, ikabaki namba ya mchakato peke yake, yaani funguo zisizozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Kompyuta moja iliweza kuzikokotoa zote.

"Kikivuja hakidhuru, si cha kweli"

Tafuta kesi kubwa kuliko zote za vyeti vya majaribio na utalikuta jina la Symantec. Septemba 2015 kumbukumbu za wazi za vyeti zilionyesha cheti cha daraja la juu kwa jina google.com ambacho Google haikukiomba. Symantec ilieleza kwamba kilikuwa cha majaribio ya ndani na kiliishi siku moja tu. Ikawafukuza wafanyakazi waliohusika, ikataja vyeti 23 vya aina hiyo. Google na wengine wakaendelea kuchimba. Hesabu ikapanda hadi 164 kwa vikoa 76 vya watu, na 2,458 kwa vikoa ambavyo havikuwa vimesajiliwa kabisa. Mwaka 2017 yakaibuka mengine. Biashara ya vyeti ya Symantec ikauzwa kwa DigiCert mwaka huohuo, na Oktoba 2018 Chrome 70 ikamaliza kuiondoa mizizi yake. Hakuna ushahidi uliotolewa kwamba vile vya 2015 vilitumika kuibia mtu. Kosa lilikuwa kutumia mzizi wa kweli kwa majaribio, na majina ya wenyewe.

Fundi wetu hana mzizi wa Symantec, lakini ana wake. Anapochoka kujitilia sahihi cheti kimoja kimoja, anatengeneza mzizi wake mdogo, au anatumia mkcert, zana ya Filippo Valsorda ya mwaka 2018 inayofanya hivyo kwa amri mbili. Kuanzia hapo kompyuta yake inaamini chochote kilichotiwa sahihi na mzizi huo, ikiwemo cheti cha benki kitakachotungwa na mtu atakayeupata ufunguo wake. Baadhi ya kompyuta za Lenovo zilizouzwa mwaka 2014 zilikuja na programu ya matangazo iitwayo Superfish, yenye mzizi mmoja kwa kompyuta zote na ufunguo wa siri ukiwa ndani ya kila moja. Februari 2015 mtafiti wa usalama Robert Graham aliuchomoa ufunguo huo. Nenosiri lililoulinda lilikuwa jina la kampuni iliyoiuzia Superfish teknolojia hiyo.

Kwa hiyo faili la ufunguo wa mzizi halipandishwi kwenye ghala la msimbo, halitumwi kwa WhatsApp, na halinakiliwi kwenye vishikwambi. Kinachonakiliwa huko ni cheti cha mzizi peke yake. Unaweza pia kuufunga mzizi kwa sharti la majina, nameConstraints, usiweze kudhamini chochote nje ya sosaiti.test. Anayeona hii ni hofu ya bure akumbuke Morisi, jirani yetu wa Bahari ya Hindi: Aprili 2021 mamlaka ya mawasiliano ya huko ilipendekeza watu waweke kwenye vifaa vyao cheti ambacho kingeruhusu mawasiliano ya mitandao ya kijamii yafunguliwe njiani. Google na Mozilla walipinga. Mzizi ulio kwenye simu ya mtu ni mamlaka juu ya simu hiyo, hata uitwe wa majaribio.

"Cheti cha majaribio na cha kazi ni kimoja, badilisha anwani tu"

Kwa Mkenya dai hili lina mahali pake hasa: Daraja, lango la wasanidi wa M-Pesa lililofunguliwa mwaka 2017. Anayetaka seva ilipe wakulima, iulize salio au irudishe muamala, hutakiwa kulituma nenosiri la mwanzishaji likiwa limesimbwa kwa ufunguo wa umma ulio ndani ya cheti cha M-Pesa. Tofauti na TLS, hapa cheti kinasimba kweli. Na viko viwili: cha mazingira ya majaribio na cha kazi, kila kimoja na ufunguo wake.

Ukisimba kwa cha majaribio na kutuma kwenye kazi, hakuna kitakachokuonya upande wako. Maandishi yanayotoka yana herufi 344 kwa cheti hiki na kwa kile, jicho halitofautishi. Jibu litakalorudi litasema taarifa za mwanzishaji si sahihi, na kijana ataanza kubadilisha nenosiri, mara ya pili, mara ya tatu, wakati nenosiri halikuwa na shida.

Kuna mtego mwingine. Usimbaji wa RSA kwa mtindo wa PKCS #1 v1.5 huchanganya namba za nasibu, hivyo nenosiri lilelile hutoa maandishi tofauti kila unaposimba. Nimesikia hilo likiitwa hitilafu. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Hitilafu ya kweli huwa imejificha kwenye echo, inayoongeza mstari mpya mwishoni mwa nenosiri kimyakimya. Mstari huo unasimbwa pamoja na nenosiri, na upande wa pili hawakujui.

Utajuaje, na wewe huna ufunguo wa siri wa cheti cha M-Pesa wa kufungulia? Hapo ndipo cheti cha kujitengenezea kinapokuwa chombo kisicho na mbadala. Tengeneza chako kwa amri ya mwanzo, simba nacho neno la uongo kwa msimbo uleule utakaotumika kwa M-Pesa, kisha ulifungue:

printf '%s' 'neno-la-uongo' | openssl pkeyutl -encrypt -certin -inkey cheti.pem -pkeyopt rsa_padding_mode:pkcs1 > siri.bin

openssl pkeyutl -decrypt -inkey ufunguo.pem -pkeyopt rsa_padding_mode:pkcs1 -in siri.bin | xxd

Ukiona 0a mwishoni mwa namba za xxd, mstari mpya uliingia. Usipouona, msimbo wako ni mzima, na kilichobaki ni kuweka cheti sahihi mahali sahihi: soma alama ya kidole ya kila kimoja kwa openssl x509 -noout -fingerprint -sha256, uiandike kwenye usanidi, na programu ikatae kuwaka alama na mazingira visipolingana. Nenosiri la kweli lisiandikwe kwenye dirisha la amri hata siku moja. Historia ya amri hulihifadhi.

"Huku Fort Ternan nani atatudukua?"

Aliye karibu. Nenosiri la Wi-Fi limebandikwa ukutani nyuma ya karani, barazani kuna watu wanaosubiri malipo, kila mmoja na simu, na aliyeondolewa kazi mwezi uliopita bado analikumbuka. Anayetaka kupunguza kilo za jirani yake au kujiongezea zake hahitaji kutoka nje ya nchi.

Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiulizi ofisi iko mji gani. Majina, namba za simu na malipo ya wakulima ni data binafsi; zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72, na wenye data nao waambiwe. Sheria hiyohiyo inampa nafuu aliyejikinga: kuwaarifu wenye data kunaweza kusamehewa pale ulinzi ufaao ulipokuwepo, na usimbaji umetajwa kwa jina. Nafuu hiyo haitamfikia aliyesimba huku amezima ukaguzi, kwa sababu mwizi alizipokea data zake zikiwa zimefunguliwa.